Benny Moré, mtu aliyeongoza orkestri bila kujua noti



Mtashangaa kuona kapita wenu anaandika juu ya muziki. Sauti yangu mnaijua: ni ile ya kusema "zimeni taa". Katika korali yetu solfeji naijua, lakini sauti sina, kwa hiyo nashika tu daftari ya majina. Hata hivyo nina deni, na deni hilo ndilo linalonifanya niandike.

Mbele ya konje ya Pasaka, wakati wa etude ya mangaribi, nilisikia gitare inalia nyuma ya jiko. Nikaenda kimya kimya. Nikakuta mwanafunzi mmoja wa mwaka wa kwanza (jina lake silitaji) amekaa juu ya jiwe na gitare aliyoitengeneza yeye mwenyewe: bidoni ya mafuta ya litri 5, ubao, na nyuzi za freni ya kinga. Kanuni ni kanuni. Nikaichukua. Akaniambia: "Kapita, wimbo iko inakuja. Ukibeba gitare, itapotea." Nikacheka. Juma lililofuata mtoto huyo alileta wimbo wake mbele ya komite ya korali, akauimba kwa mdomo tu. Tukamwuliza: "Noti ziko wapi?" Hakuwa nazo. Mimi ndiye niliyesema mbele ya wote kwamba mtu asiyejua solfeji hawezi kutunga wimbo, anaweza paka kupiga kelele nzuri. Watu wakacheka. Yeye hakucheka.

Halafu konje ikafika. Kwa baba yangu mdogo kuna mashini ya zamani ya disiki, na kila siku ya posho yeye anasafishaka disiki zake kwa kitambaa, polepole, kama mama anayeosha mtoto mchanga. Akaweka moja. Trompeti zikalia zote kwa mara moja, saksofoni zikazijibu kutoka chini, na ndani ya kelele ile yote sauti ya mwanaume mmoja ikapita juu kabisa bila kujikaza. Nikauliza ni nani. "Benny Moré wa Kuba." Nikasema, bila shaka huyo alisoma katika chuo kikubwa cha muziki. Baba mdogo akanitazama kwanza. "Huyo? Hakujua kusoma noti hata moja. Na wimbo huo ameutunga yeye."

Nilidhani ananichezea. Nimetafuta, nimesoma, nimeuliza wakubwa. Kumbe ni kweli.

Kuba ni kisiwa cha bahari ya Karaibe, kusini ya Marekani. Wahispania walikitawala karne nyingi, mpaka 1898, na walileta huko watu wengi wa Afrika kwa nguvu ili wafanye kazi katika mashamba ya miwa. Utumwa huko ulifutwa mwaka wa 1886 tu, maana yake watoto wa Kuba waliozaliwa miaka 30 nyuma yake waliweza bado kuzungumza na wazee waliokuwa watumwa. Mmoja wa watoto hao ni Bartolomé Maximiliano Moré. Alizaliwa tarehe 24 Agosti 1919 katika mji mdogo wa Santa Isabel de las Lajas, katikati ya nchi ya miwa, mtoto wa kwanza katika jamaa ya watoto 18. Benny ni jina la baadaye. Nitaeleza lilivyokuja, maana lina kichekesho.

Kwao walisimulia kwamba babu wa babu yao aliitwa Gundo, mtoto wa mfalme wa Kongo, aliyekamatwa akiwa kijana mdogo na kuuzwa. Kuhusu ufalme siwezi kuapa. Kila ukoo unapenda kuwa na mfalme. Lakini tazameni jina Moré. Si jina la Afrika. Ni jina la tajiri mwenye watumwa, na watu wake walilibeba kama vile ng'ombe anavyobeba alama ya mwenye zizi. Leo jina hilo linajulikana dunia nzima, na si kwa sababu ya yule tajiri.

Katika Lajas kulikuwa na nyumba ya chama iliyoitwa Casino de los Congos, ndiyo kusema nyumba ya Wakongo. Vyama vya namna hiyo vilikuwa vingi katika Kuba. Waafrika walijipanga kwa asili zao, Wakongo fasi moja, Wayoruba fasi ingine, na wengine vilevile. Waliuguza wagonjwa wao, walizika wafu wao, na wakati wa utumwa walikusanya hata feza za kununua uhuru wa mwenzao. Na walipiga ngoma. Ngoma za Wakongo wa Lajas ziliitwa makuta. (Wazee wasicheke, si zile feza za wakati wa Zaire.) Bartolomé alikulia karibu na ngoma hizo, akazijua kwa mkono na kwa mguu mbele ya kujua kitu kingine cho chote cha muziki. Lakini msiseme sasa kwamba alikuwa mtu wa kwetu huku. Kule Kuba neno "Kongo" lilifunika watu wengi, wa upande wa bahari, wa chini ya mto, wa Angola pia. Tuwe na furaha bila kuiba ndugu wa watu.

Inasimuliwa kwamba alipokuwa na miaka 6 hivi alijitengenezea gitare ya kwanza: ubao na uzi. Nilipofika kwenye habari hiyo nilisimama kusoma kwanza. Mnaelewa sababu.

Alikuwa maskini, na kazi ya shamba ilimwita mapema kuliko vitabu. Mwaka wa 1936, akiwa na miaka 17, alikwenda kutafuta maisha Havana, mji mkuu. Huko aliuza matunda yaliyopondeka, yale ambayo wenye maduka hawakuyataka tena. Baada ya miezi sita akarudi nyumbani. Akakata miwa pamoja na ndugu yake Teodoro, na kwa feza ya miwa akapata gitare ya kweli. Mwaka wa 1940 akarudi tena Havana, na sasa aliimba kwenye baa na mikahawa, akipitisha kofia kati ya watu waliokuwa wakila.

Kulikuwa na redio moja kubwa, CMQ, yenye mashindano ya waimbaji. Mtu akiimba vibaya, kengele ililia, naye alitoka mbele ya watu wote kwa haya. Wanasema mara ya kwanza Bartolomé alipigiwa kengele hata mbele ya kuanza vizuri. Akaenda zake. Akarudi siku ingine, akashika nafasi ya kwanza. Mimi ninayepiga kengele ya shule hii kila siku saa kumi na moja na nusu ya asubuhi, habari hiyo imenikaa kwenye koo.

Sasa nije kwenye jambo lenyewe: mtu huyo alijifunza wapi? Tukisema "alijifundisha mwenyewe" tunafikiri mtu aliyekaa peke yake, na siku moja muziki ukamwangukia kichwani kama embe. Si hivyo. Benny alikuwa na walimu wengi sana, ila hakuna hata mmoja aliyempa karatasi. Aliwasikiliza. Fasi yo yote alipopita alichukua kitu.

Kwanza alichukua son. Son ni muziki uliotoka mashariki ya Kuba, ndani yake kuna nyuzi na mashairi ya Wahispania pamoja na ngoma na mwitikio wa Waafrika. Wimbo wa son una vipande viwili. Kipande cha kwanza kinasimulia habari, kwa utulivu. Kipande cha pili kinaitwa montuno: hapo waitikiaji wanarudia maneno machache tu, yale yale, na mwimbaji mkubwa anajibu kila mara kwa maneno mapya anayoyatunga palepale. Mtu anayepata usingizi katika kipande cha kwanza anaamka hapo. Sisi tunafahamu jambo hilo bila kufundishwa: wimbo unaenda pole, halafu sebene inaingia na viti vinabaki wazi. Tena mama zetu kwenye matanga wanaimbaka vile, mmoja anatangulia na wengine wanaitika, na yule mmoja hasemi maneno yale yale mara mbili.

Chini ya son kuna kitu kidogo kinachoshika yote, wanakiita clave. Ndugu msomaji, acha kusoma kidogo, weka kidole juu ya meza. Hesabu toka 1 mpaka 16 kwa mwendo ulio sawa, na ugonge meza kwenye 1, 4, 7, 11 na 13 tu. Ukifika 16 rudi kwenye 1 bila kupumzika. Fanya mara kumi. Mapigo matatu ya kwanza yanauliza, mawili ya mwisho yanajibu, na hesabu zinazobaki ni kimya, lakini kimya kinachosukuma. Katika korali tumezoea pigo nne zilizo sawa kama miguu ya meza. Clave ni kama mtu anayetembea juu ya mawe ya mto: haangalii maji, anajua jiwe linalofuata liko wapi. Wapigaji wote wa orkestri wanapaswa kuisikia ndani yao hata kama hakuna mtu anayeigonga. Mtu akiivuka, wakubwa wa Kuba wanatambua mara moja. (Naomba tu msiigonge wakati wa etude.)

Mwalimu mkubwa wa Benny katika son alikuwa Miguel Matamoros wa Santiago, ambaye Trio yake ilianza mwaka wa 1925 na ilijulikana nchi nyingi. Mmoja wa Trio, Siro Rodríguez, alimsikia kijana huyu akiimba katika baa, na hivyo akaingia katika kundi la Matamoros. Mwaka wa 1945 kundi lilikwenda kufanya kazi Meksiko. Huko ndiko jina lilikobadilika. Bartolomé kwa kifupi ni Bartolo, na wenzake walimwambia kwamba Meksiko punda wanaitwaka Bartolo. Fikirini, mtangazaji anapanda jukwaani: "Mabwana na mabibi, sasa anaimba Punda." Akachagua Benny. Kundi liliporudi Kuba, yeye alibaki Meksiko.

Meksiko alikuta kitu cha pili. Pérez Prado, mpiga piano wa Kuba aliyesoma muziki vizuri, alikuwa huko na orkestri kubwa ya mambo. Katika mambo trompeti na saksofoni hazipambi tu wimbo, zinazungumza zenyewe, kundi kwa kundi, zinakatana maneno. Namna ya kupanga vyombo hivyo ilitoka kwenye orkestri kubwa za jazi za Marekani, zile za miaka ya 1930: saksofoni mstari mmoja, trompeti mstari mwingine, tromboni, halafu piano na besi na ngoma. Benny aliimba katika orkestri ya Prado na kurekodi disiki nyingi pamoja naye. Prado alikuwa na karatasi. Benny alikuwa na masikio. Nadhani kila mmoja aliona kwa mwenzake kitu alichokosa.

Tena kuna bolero. Hiyo ni wimbo wa pole wa mapendo na wa machozi, nayo pia ilianzia upande wa Santiago katika karne ya 19. Kuna guaracha, ya mwendo wa haraka na maneno ya kuchekesha. Kuna nyimbo za wakulima wa asili ya Kihispania, ambao mashairi yao yana mistari kumi kumi na vina vilivyopangwa. Kwa kawaida mwimbaji alichagua nyumba moja akakaa humo. Wa bolero hawakujua guaracha, na wa guaracha wakiimba bolero watu walikwenda kununua limonadi. Benny aliingia nyumba zote, na katika kila nyumba alionekana kama mtoto aliyezaliwa humo. Hapo mimi namwona ni mkubwa kuliko wengine wa wakati wake, na kama mtu hakubali, anione siku ya posho baada ya usafi.

Mwanzo wa miaka ya 1950 alirudi kwao. Mwaka wa 1953 aliunda orkestri yake mwenyewe, akaiita Banda Gigante, kundi kubwa kama jitu. Hapo shida inaanza, na ndiyo sababu ya makala hii. Gitare moja unaweza kuipiga kwa kukumbuka. Lakini orkestri yenye watu kama 16 na zaidi, saksofoni zinaimba sauti nne au tano tofauti kwa wakati mmoja, trompeti zinasubiri, tromboni inaingia katikati: kila mtu lazima awe na karatasi yake mbele yake. Mtu asiyejua noti ataitungia namna gani?

Aliiimba. Alikaa na mmoja wa wapigaji wake waliojua kuandika. Kwanza alikuwa mpiga piano Eduardo Cabrera, waliyemwita Cabrerita, na baadaye hasa mpiga tromboni Generoso Jiménez. Benny aliwaimbia trompeti zitasema nini, halafu saksofoni zitajibu nini, halafu besi itatembea namna gani. Chombo kwa chombo, kwa mdomo. Wao waliandika, walipanga sauti, waliuliza. Orkestri ikipiga, yeye alisikiliza. Na kosa hakuweza kulionyesha kwa kidole kwenye karatasi, alilionyesha kwa kuimba tena ile fasi.

Nimefikiri sana juu ya jambo hilo. Mimi nikiandika solfeji, naandika kwanza halafu ndiyo nasikia kama ni nzuri, karatasi inanikumbusha. Yeye alibeba yote kichwani mpaka mwisho, trompeti pamoja na jibu la saksofoni pamoja na ngoma chini, bila fasi ya kuyaweka. Si kazi ndogo kuliko kusoma noti. Pengine ni kubwa zaidi. Na mbele ya watu aliongoza orkestri bila kijiti cha maestro: kofia pana kichwani, fimbo mkononi, suruali pana. Aliongoza kwa mguu, kwa bega, kwa fimbo, kwa kuruka, na watu 16 walijua maana ya kila bega.

Lakini ninyi mnaofurahi huko nyuma na kusema "Basi, tufute somo la solfeji", subirini. Bila Cabrerita na Generoso, nyimbo zile zingebaki katika mdomo wa mtu mmoja wa Lajas. Benny hakudharau waandishi wa noti, aliwatafuta. Kuna wimbo wake maarufu wa kumsifu mchezaji wa dansi, unaitwa Qué bueno baila usted. Katikati ya wimbo, wakati wa montuno, anamwita Generoso kwa jina lake na kumsifu kwa tromboni yake, ndani ya disiki, dunia yote isikie. Mtu aliyetoa wimbo anamshukuru mtu aliyeuandika. Katika korali yetu sijasikia bado shukrani ya namna hiyo, wala upande mmoja wala upande mwingine.

Na alitunga juu ya nini? Juu ya vitu vya karibu. Ametunga wimbo kwa ajili ya Lajas, mji wake mdogo wenye vumbi, na jina la wimbo ni jina la mji lenyewe. Ametunga mwingine kwa mji wa Cienfuegos. Ametunga Bonito y sabroso, juu ya namna watu wa Meksiko wanavyocheza mambo, maana nchi ile ilimpokea wakati Kuba haikumjua. Ametunga bolero za uchungu kama Dolor y perdón. Hakuna kitu hapo ambacho mtoto wa kijiji hawezi kukifikiri: kwetu, rafiki zangu, mtu anayecheza vizuri, mtu niliyemkosea. Sisi tukiambiwa tutunge wimbo tunaanza na maneno makubwa ya Kifaransa.

Sitaki mumfanye malaika. Alikuwa mtu wa kuchelewa, watu walilipa na kusubiri. Na alikunywa pombe, akanywa mpaka ini likaoza. Madaktari walimkataza. Siku chache mbele ya kufa aliimba tena katika mji wa Palmira, si mbali na kwao, akiwa mgonjwa tayari. Alikufa Havana tarehe 19 Februari 1963. Alikuwa na miaka 43. Walimrudisha kumzika Lajas. Mtu aliyejua kusikiliza vyombo 16 hakusikiliza mwili wake mmoja, na nyimbo zilizokuwa bado kichwani zilikwenda naye, kwa sababu kichwa ndicho kilikuwa daftari yake. Hiyo inaniuma kuliko yote.

Mtaniuliza mambo ya Kuba yanatuhusu nini sisi. Yanatuhusu. Tangu miaka ya 1930 disiki za Kuba, zile zilizoitwa GV, zilifika Léopoldville, na wazee wetu walipozisikia walitambua kitu. Hawakujua Kihispania, lakini ngoma hazikuwa ngeni. Zilikuwa zimekwenda zikiwa zimefungwa minyororo, zikarudi ndani ya sanduku la mashini. Wakaanza kupiga vile, kwanza kwa kuiga hata maneno ambayo hawakuyaelewa, baadaye kwa Kilingala na kwa Kiswahili. Rumba yetu imetoka katika safari hiyo ya kwenda na kurudi, na mwezi wa Desemba 2021 UNESCO iliiandika katika urithi wa wanadamu, kwa jina la Kongo zote mbili.

Na Franco Luambo mnamjua ninyi wote. Je, mnajua gitare yake ya kwanza? Mkebe, na nyuzi za umeme zilizovuliwa ngozi. Alikuwa mtoto, mama yake aliuza mandazi sokoni Léopoldville, na yeye alipiga gitare hiyo karibu na meza ya mama ili wanunuzi waje. Hakuna kapita aliyeichukua. Au kama alikuwapo, jina lake halikuandikwa fasi yo yote, na afadhali hivyo.

Basi, siku ya kwanza baada ya konje nilikwenda kwa yule mwanafunzi wa mwaka wa kwanza na bidoni yake mkononi. Nilikuwa nimeandaa maneno mengi. Nikasema tu: "Chukua." Akaiangalia, akakaza uzi mmoja uliolegea. Nikamwuliza kama ule wimbo ulipotea. Akasema: "Hapana kapita. Nilikuwa naimba yote mangaribi mu kitanda, juu isipotee."

Kwa ruhusa ya mwalimu wa muziki, sasa tunakaa mara mbili kwa juma nyuma ya jiko, nje ya saa za etude. Yeye anaimba, mimi naandika. Kwanza sauti ya juu, halafu ananiimbia ya pili na ya tatu, ambazo sikujua kama alikuwa nazo. Tumefika mstari wa nne. Shida ni mstari huo wa nne: kila akiuimba anaugeuza kidogo, nami nafuta, naandika tena, na kila mara ananiambia ule wa leo ndio wa kweli. Karatasi imetoboka. Mwenye gome nzuri ya kufutia anisaidie.

Kapita wa interna, mwaka wa sita